Mwanangu wa Ng'ambo ya Kijito

Munje, Jumatatu 4 Novemba 1963

Mwalimu Kalama ametugawia madaftari, sisi wanawake saba wa darasa la alasiri. Anasema tuandike kila siku, hata mstari mmoja, tusije tukasahau herufi kama tunavyosahau tulikoweka funguo. Haya, naandika. Mimi ni Mwanarusi binti Chirau, mjane, umri wangu hamsini na mbili au karibu na hapo. Nina mikorosho kumi na tisa. Nina mjukuu mmoja ninayeishi naye, Mapenzi, miaka saba. Mamake ameolewa tena huko Tiwi. Nina mwana mmoja wa kiume, Matano, yuko jela.

Kuandika nimejifunza kwa ajili yake. Zamani nilikuwa nikimwendea karani wa Msambweni aniandikie barua, na karani yule alikuwa mchoyo wa maneno. Nikisema, "Mwanangu, nakuona katika kila sufuria ninayofunua," yeye anaandika, "Hatujambo." Nikaona bora nife na wino mkononi.

5 Novemba

Korosho nusu gunia. Utomvu umenichoma vidole, kalamu inauma.

9 Novemba

Barua ya Matano. Anatoka tarehe ishirini na moja mwezi ujao. Nimeisoma mwenyewe, mara nne, bila kumwita mtu. Kisha nikalia, maana hakuna aliyekuwa karibu wa kuniona nikisoma.

Mapenzi hamkumbuki mjomba wake. Alikuwa hajaanza kutambaa vizuri. Aliuliza, "Mjomba anapenda mabibo?" Nikamwambia alikuwa akiyala papo hapo chini ya mikorosho mpaka koo linamkwaruza anashindwa kusema. Akacheka, akaenda kumtafutia, na siku za kumngoja bado ni nyingi.

Sijaandika kwa nini alifungwa. Mwalimu anasema shajara ni ya ukweli, basi niandike mara moja nimalize. Walisema alimfanyia Menza, binti wa jirani yangu Mwanapili, jambo asilofanyiwa mtoto. Menza alikuwa na miaka tisa. Mimi sikuamini. Kesi nzima niliiona imesimama juu ya kikapu kidogo cha ukindu chenye mfuniko. Mtoto alisema Matano alimpa kikapu kile, akamwambia asimwambie mamake. Vikapu vya namna ile viko kila nyumba hapa! Nilisimama mahakamani nikapaza sauti, "Mtoto mwongo!" mpaka askari akanitoa nje.

Tangu siku hiyo mimi na Mwanapili hatuamkiani. Nina sahani yake ndani mpaka leo, ya maua ya buluu. Alikuwa ameniletea wali wa nazi siku mbili kabla ya mambo hayo. Sahani ya jirani hairudishwi tupu, na mimi sikuwa na cha kuitia.

13 Novemba

Leo hakuna kitu. Mapenzi ana kikohozi.

18 Novemba

Baraza limekaa uwanja wa shule, mbele ya Chifu Mangi. Habari za Matano kutoka zimekwisha kuenea, sijui nani kazitangaza. Labda ni mimi mwenyewe, maana niliimba siku nzima.

Mzee Mwero, ambaye ndiye mkubwa wa mtaa wetu, alisema hawezi kumzuia mtu kurudi kwao. Lakini watoto nao wana haki ya kwao. Wanaume wakasema maneno mengi, wengine wakataka afukuzwe hadi Tanganyika. Kisha Mwanapili akasimama kule nyuma tulikokaa wanawake.

"Mimi sikatai arudi," alisema. "Ardhi ni ya babake. Ninachokataa ni yeye kuwa mahali ambapo nikimwita mwanangu mara moja asipoitika, moyo wangu unasimama. Nimeishi miaka sita nikimwita mara moja akiitika. Msiniondolee hilo."

Hakunitazama hata kidogo. Nilimwonea uchungu na nikamchukia, vyote kwa pamoja.

Wakakubaliana masharti, Mwalimu Kalama akaandika, chifu akatia muhuri. Matano ataishi ng'ambo ya kijito, katika kibanda cha shamba la minazi la marehemu babake. Ni mwendo wa nusu saa. Ndiyo hivyo.

21 Novemba

Karatasi imebandikwa kwenye mlango wa duka. Nilikwenda kununua mafuta ya taa, nikakuta wanawake wamejazana mbele yake wakiitazama kama picha. Mmoja akaniona. "Bi Mwanarusi, wewe ndiye msomi wetu. Tusomee."

Sidhani kama alikuwa na nia mbaya. Wengine nao wakasema, tusomee, tusomee. Ningefanya nini? Nilisoma. Matano asilale katika nyumba yenye mtoto. Asivuke kijito kuja upande wa kisima, shule na chuo cha Kurani, isipokuwa Ijumaa kwa sala, naye afuatane na mtu mzima. Msimu wa korosho asiingie mashambani wakati watoto wanaokota. Sauti yangu ilikuwa imara, nilijisifu moyoni. Nikafika mstari wa mwisho nikauruka, nikasema, "Basi, ni hayo tu."

Mwanapili alikuwa nyuma yangu na debe lake la maji. Hajui hata herufi moja, lakini barazani alikuwapo. Alisema, "Kuna moja limebaki."

Hayo ndiyo maneno yake ya kwanza kwangu baada ya miaka sita.

Nikageuka nikalisoma. Asimtume mtoto wa mtu yeyote, wala mtoto yeyote asitumwe kwake.

Hilo ndilo lililonikata. Hapa kwetu mtoto ni wa kutumwa na kila mtu. Ukiwa umekaa barazani kwako, akipita mtoto usiyemjua, unamwambia kaniletee kaa la moto, naye anakwenda. Ukipika kitu kizuri, mtoto ndiye anayebeba sahani kwa jirani. Mtu asiyeweza kutuma mtoto wala kutumiwa mtoto amekuwa nani? Huyo amezikwa, ila anakula.

22 Novemba

Sikwenda darasani. Mwalimu Kalama aliandika kile kikaratasi kwa mkono uleule alionishikia wangu nijue herufi M. Nimemkasirikia.

30 Novemba

Nimemkasirikia lakini nimekwenda. Nitajifunza wapi kwingine?

12 Desemba

Uhuru. Bendera imepandishwa jana usiku wa manane huko Nairobi, na sisi hapa leo, shuleni, watoto wameimba. Ngoma mpaka Msambweni. Kila mtu anasema tumekuwa watu huru, nami nahesabu siku tisa.

17 Desemba

Nimefagia kibanda cha ng'ambo, nimetia makuti mapya upande wa upepo wa kusi. Nimepeleka kitanda cha kamba alichozaliwa juu yake. Mapenzi alitaka kunifuata, nikamwacha kwa Mzee Mwero, mkewe anampenda.

21 Desemba

Amekuja.

Alishuka barabarani saa sita, amebeba kibunda chini ya kwapa. Mzee Mwero na mimi tulimpokea. Amekonda, nywele zimeanza mvi na hana miaka thelathini na tatu. "Shikamoo, mama." Marahaba niliisahau. Nilimshika uso kwa mikono miwili yenye madoa ya korosho. Alikuwa akinuka sabuni ya watu wengine.

Tulipita njia ya nyuma, ya mikoko, asikutane na watoto. Mzee Mwero alimsomea masharti kwenye kijito kwa adabu, bila kumtweza. Matano akasema, "Nimesikia, mzee. Nitayashika." Akavuka.

Nilikaa naye hadi alasiri. Alikula mbaazi za nazi, sahani tatu. Nilitaka kumwuliza jambo moja tu, nikala mbaazi na mimi.

29 Desemba

Naenda ng'ambo kila siku na kurudi. Magoti yanalia. Ameanza kusuka, jela walimfundisha mikeka na vikapu zaidi ya alivyojua. Mikono yake haitulii.

5 Januari 1964

Matano ameniuliza, "Mapenzi anafanana na nani?" Nikamwambia anafanana nami, masikini. Tulicheka. Ningetoa mikorosho yote kumi na tisa niwaweke wote wawili kwenye mkeka mmoja, siku moja tu, mimi nikipakua.

13 Januari

Redioni wanasema Unguja serikali imepinduliwa. Watu wamejaa dukani. Wenye ndugu huko wanalia.

16 Januari

Mfungo umeanza. Mwezi mwembamba kama ukucha uliokatwa, Mapenzi ndiye aliyeuona kwanza.

20 Januari

Ramadhani kijiji chetu huwa cha watoto. Kabla ya magharibi wanapishana njiani kila mmoja na sahani yake iliyofunikwa kawa, hii inakwenda kwa huyu, ile inatoka kwa yule, mpaka hujui unakula mapishi ya nani. Mapenzi anabeba za kwangu: kwa Mzee Mwero, kwa mama mkunga. Ya Matano naibeba mwenyewe mapema, kisha narudi mbio kufuturu na mtoto. Wote wawili wanakula bila mwenzao, nami nakula bila mmoja kila siku.

24 Januari

Goti la kulia limevimba. Nimekwenda hivyo hivyo.

27 Januari

Naandika asubuhi inayofuata, maana jana sikuweza kushika kitu.

Jana nilipika muhogo wa nazi na samaki wa kukaanga. Goti lilikuwa moto, nilikaa jikoni kwenye kibao nikipakua. Sahani tatu zilikuwa tayari juu ya sinia. Mapenzi akapeleka ya Mzee Mwero, akarudi. Akapeleka ya mkunga, akarudi. Ikabaki moja. Akaweka mkono juu ya kawa, akauliza kama anavyouliza kila siku, "Hii ya nani, bibi?"

Nikasema, "Ya mjombako."

Basi. Hapa kwetu mtoto haambiwi "nenda." Anaambiwa sahani ni ya nani, anakwenda. Nilikuwa nikikuna nazi ya daku. Nilisikia miguu yake ikitoka uani. Nilikuna nazi ile mpaka ikaisha, adhana ikalia, nikatia tende mdomoni, na tende ilipokuwa mdomoni ndipo nilipojua nimefanya nini.

Sijui kama nilisahau. Naandika hili kwa sababu Mwalimu alisema ukweli. Miaka sita nilikuwa nikitaka kuionyesha Munje yote kwamba walinionea mwanangu. Labda mkono ulisahau, na moyo ukauacha usahau.

Nilikimbia na goti lile. Nilivuka kijito na viatu. Nikamkuta Mapenzi amekwisha kutoka kibandani, yuko njiani anarudi, anatembea pole pole katika mwanga uliobaki, sahani tupu chini ya kwapa. Mkono mwingine ameuficha nyuma.

"Una nini?"

"Hamna kitu."

Nilimkagua kutoka utosini hadi vidoleni. Nguo yake, uso wake, macho yake. Alikuwa mzima. Nilimwuliza mjomba alifanya nini. Akasema walikaa mkekani, mjomba akampa tende, akamsifu kwa kubeba sahani bila kumwaga.

"Mwanangu, nionyeshe mkono."

Akautoa. Kikapu kidogo cha ukindu, chekundu na kijani, kimesukwa vizuri sana.

"Usikasirike, bibi. Mjomba amesema nisikwambie. Amesema nije tena kesho peke yangu, ataniwekea mfuniko wake."

Nikamwona Menza. Nilimwona vile alivyosimama mahakamani, miaka tisa, mikono imeshika kile kikapu, akisema maneno hayo hayo kwa sauti ndogo. Nisimwambie mama. Na mimi nimesimama hatua chache kutoka kwake, mtu mzima, mzazi, namwita mwongo.

28 Januari

Nimekwenda ng'ambo baada ya alfajiri. Kikapu nilikuwa nacho. Matano alikuwa ameketi mlangoni, sidhani alilala.

"Mama, ni kikapu tu."

"Na maneno?"

Akaokota ukindu mmoja miguuni pake, akauzungusha kidoleni.

"Matano. Na maneno uliyompa?"

"Yalinitoka tu," alisema. "Sijui. Niliona mtoto anakuja na sahani, kama zamani, kama mimi ni mtu. Nikafurahi. Kisha yakanitoka." Akainama. "Lakini mama, si wewe uliyemtuma?"

Nilimwuliza lile jambo moja nililokula pamoja na mbaazi. Nilimwuliza, "Menza alisema kweli?"

Alitazama mikono yake. Kisha akaitika kwa kichwa.

Sikupiga kelele. Nilimkumbatia, maana ni mwanangu na nilikuwa nimemkosa miaka sita, na wakati namkumbatia nilijua kwamba leo hii hii nitamshtaki.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Mzee Mwero. Nikamweleza yote, na kosa langu nikalitanguliza. Alisikiliza mpaka mwisho. "Bi Mwanarusi," alisema, "yale masharti tuliyaandika kwa ajili yake. Tulisahau kwamba wewe nawe ni mlinzi wa kijito." Hakuniongezea lawama. Ningependa aniongezee.

31 Januari

Matano ameondoka. Chifu Mangi na Mzee Mwero wamempatia kazi ya kukata mikoko, kambi iliyo kusini kupita Funzi, wanaume watupu, hakuna mke wala mtoto anayelala huko. Msimamizi ameonyeshwa ile karatasi. Matano hakubisha. Nilimpa blanketi na mabibo saba ya mwisho wa msimu, yaliyokwisha kusinyaa. Kwa saumu hakuweza kuyala mbele yangu, kwa hiyo sikumwona akiyala.

3 Februari

Korosho zimekwisha. Miti imebaki majani.

4 Februari

Mapenzi ameniuliza kama amekosa. Nimemwambia aliyekosa ni mimi, na yeye amefanya vizuri kuniambia, na mtu yeyote akimwambia asimwambie bibi, ndilo hilo hasa la kumwambia bibi. Amelirudia mara tatu, kama somo.

7 Februari

Nimepika wali wa nazi. Nimeuweka katika sahani ya maua ya buluu, nikaifunika kawa, na sikumtuma mtoto. Nimeibeba mwenyewe, hatua thelathini na mbili, nimezihesabu.

Nilipiga hodi. Menza ndiye aliyefungua. Ana miaka kumi na tano sasa, mrefu kunipita. Njiani nilikuwa nimepanga maneno mengi mazuri, yote yakaniruka.

"Menza mwanangu, ulisema kweli," nilisema. "Nilikuita mwongo mbele za watu. Ulisema kweli."

"Najua," alisema.

Mamake akaja nyuma yake. Alitazama sahani kabla hajanitazama mimi. Aliipokea kwa mikono miwili, akaishika hivyo, hakusema karibu na hakusema nenda. Nikageuka kurudi. Nilipofika kwangu nikamsikia akimwita bintiye mara moja, na bintiye akaitika.

15 Februari

Idi. Mapenzi amevaa kanga mpya. Asubuhi tumekuta sahani ya maua ya buluu mlangoni petu, ina visheti vinne. Hatukumwona aliyeileta. Nimepika pilau na nimepakua sahani moja zaidi, bila kufikiri. Imekaa juu ya sinia mpaka ikapoa.

"Hii ya nani, bibi?"

"Ya kwetu," nikasema. Tukaila wawili.

22 Februari

Barua ya Matano, imeletwa na mkata mikoko mmoja wa Msambweni. Ana mwandiko mzuri, alikuwa akisifiwa shuleni. Anasema mikono imepasuka, chumvi inaiuma. Anasema kambini watu hawaulizani. Anasema anaota mbaazi zangu. Mwisho ameandika: "Mama, nikikaa vizuri, naweza kurudi msimu wa korosho ukifika? Nitakaa ng'ambo. Sitavuka. Neno lako ndilo nitakalolifuata."

Neno langu. Nimekaa na kalamu tangu adhuhuri. Mapenzi anacheza uani na watoto wa Mzee Mwero, nawasikia wote, kila mmoja na kicheko chake. Nimemwambia Matano habari za miti, za goti, za visheti. Nimemwambia kwamba namwona katika kila sufuria ninayofunua, na safari hii hakuna karani wa kulikata neno hilo. Nimemwambia kwamba nitakwenda mwenyewe kambini kila mwisho wa mwezi na mbaazi, magoti yakikubali, na yasipokubali vile vile.

Nilijifunza kuandika uzeeni ili mkono wangu mwenyewe umwite mwanangu nyumbani. Nimeita mara moja uani, Mapenzi akaitika. Kisha nimeandika, kwa herufi kubwa asije akakosea kulisoma: Usirudi.